Komisio ya mwaka wa pili: ajenti wa mutuele alipwe namna gani?



Katika namba hii hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya mtu mmoja ambaye koperative nyingi zinamuhitaji: ajenti wa mutuele ya afya. Ni yule anayetembea kijiji kwa kijiji na kinga yake, kitabu cha resi katika mfuko, akieleza watu mutuele ni nini, akiandikisha familia na kupokea mchango. Bila yeye, mutuele inabaki karatasi ndani ya kabati ya sekretere.

Swali ambalo komite zinatuuliza ni hili: "Huyu mtu, tumulipe namna gani?" Mara nyingi jibu linakuja haraka: "Tumupe kitu kidogo kwa kila kadi mpya." Jibu hilo linaonekana ni la haki. Aliyeleta watu wengi anapata mingi, aliyelala anakosa. Lakini jibu hilo, kama linabaki peke yake, linaweza kuua mutuele kabla haijafika mwaka wake wa tatu. Tueleze kwa nini.

Mutuele inaishi kwa kitu gani

Wengine watauliza kwa nini agronome anaingia katika mambo ya hospitali. Jibu liko shambani. Hapa kwetu Kabongo, malaria inapanda wakati wa mvua, na wakati huo ndio gala liko tupu na franka hakuna. Mtoto akishikwa na homa kali, familia inauza mbuzi. Kama mbuzi hakuna, inauza karanga iliyowekwa kwa mbegu. Mvua inaendelea kunyesha na shamba linabaki bila kupandwa. Mbegu nzuri tuliyoileta haikushindwa na udongo wala wadudu, ilikwenda kulipa dawa.

Mutuele inazuia jambo hilo. Kila familia inalipa mchango wake mara moja kwa mwaka, wakati mavuno yameuzwa. Mwaka huu wagonjwa ni watu wachache. Michango ya wazima ndiyo inawatibu. Mwaka kesho zamu inaweza kugeuka.

Kwa hiyo mutuele haiishi kwa wingi wa watu walioandikishwa siku ya kwanza. Inaishi kwa wingi wa watu wanaorudilia mchango wao mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Na hapo ndipo kuna shida, kwa sababu wanaotoka si watu wa namna yote. Yule aliyelazwa mwaka uliopita atarudilia, hata kama hakuna aliyemukumbusha. Mama mwenye mimba atarudilia. Mwenye ugonjwa wa sukari atarudilia. Anayetoka ni yule ambaye hakugonjwa. Anasema: "Mwaka ile nililipa, sikuenda hata siku moja kwa sentre ya afya. Sasa franka zangu zilienda wapi?"

Asipopata mtu wa kumujibu vizuri, anatoka. Wakitoka wengi kama yeye, sanduku linabaki na wagonjwa wale wale na mikono michache ya kuwabeba. Komite inapandisha mchango. Mchango ukipanda, wazima wengine wanatoka. Baada ya misimu michache sanduku linafungwa, na watu wanasema mutuele ilikuwa wizi.

Anayeweza kujibu swali la "franka zangu zilienda wapi" mlangoni kwa mtu, kwa lugha yake, ni ajenti. Lakini ataenda kujibu ikiwa safari hiyo inamulipa.

Komisio ni za namna mbili

Komisio ya kuandikisha ni franka anazopata ajenti kwa familia mpya, mara moja tu, mwaka inapoingia.

Komisio ya kurudilia ni franka anazopata kila mwaka ambapo familia ile ile inalipa tena mchango wake. Familia ikitoka, komisio hiyo inakatika.

Katika biashara ya bima, au asiransi kama tunavyosema, komisio ya pili inajulikana siku nyingi. Ndiyo inayofanya ajenti mzee awe na chakula hata mwaka ambao hakupata mteja mpya: anakula kwa wateja aliowatunza. Katika vijiji vyetu ndiyo inayosahauliwa.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Hesabu hii ni ya kuonyesha njia tu, haitoki katika koperative fulani. Ninyi mtaweka hesabu zenu. Mchango ni 20 000 FC kwa familia kwa mwaka. Ajenti anaandikisha familia 100 mwaka wa kwanza.

Njia ya kwanza: ajenti anapata 4 000 FC kwa kila familia mpya, na hakuna kitu kwa inayorudilia.

Mwaka wa 1: familia 100. Ajenti anapata 400 000 FC. Sanduku linabaki na 1 600 000 FC.

Mwaka wa 2: ajenti hawafuati watu wa zamani, anatafuta wapya katika kijiji kingine. Tuseme anapata 30, na katika wale 100 wanarudilia 40 tu. Familia ni 70. Ajenti anapata 120 000 FC, sanduku 1 280 000 FC.

Mwaka wa 3: kati ya 70 wanarudilia 28, wapya ni 15 kwa sababu vijiji vya karibu vimekwisha. Familia ni 43. Ajenti anapata 60 000 FC, sanduku 800 000 FC.

Njia ya pili: ajenti anapata 3 000 FC kwa familia mpya, na 1 500 FC kwa kila familia inayorudilia.

Mwaka wa 1: familia 100. Ajenti anapata 300 000 FC, sanduku 1 700 000 FC.

Mwaka wa 2: anapitia kwanza watu wake wa zamani, wanarudilia 75. Muda wa kutafuta wapya ni mdogo, anapata 15. Familia ni 90. Ajenti anapata 157 500 FC, sanduku 1 642 500 FC.

Mwaka wa 3: wanarudilia 68, wapya ni 10. Familia ni 78. Ajenti anapata 132 000 FC, sanduku 1 428 000 FC.

Sasa jumlisheni. Katika miaka mitatu, ajenti wa njia ya kwanza alipata 580 000 FC. Wa njia ya pili alipata 589 500 FC. Ni karibu sawa. Lakini sanduku la njia ya kwanza lilipata 3 680 000 FC, na la njia ya pili 4 770 500 FC. Tofauti inapita 1 000 000 FC, na franka zile ni dawa, ni uzazi, ni watoto waliotibiwa.

Tazameni pia mwaka wa tatu peke yake. Ajenti wa kwanza amebaki na 60 000 FC na vijiji ambako watu hawataki tena kumuona. Wa pili ana 132 000 FC na familia 78 zinazomujua. Yupi atakuwa bado kazini mwaka wa nne?

Mtaniambia: "Papa agronome, hizo 75 umezitoa wapi?" Ni kweli, hakuna anayeweza kuwaahidi hesabu hiyo. Muandike familia zenu, muhesabu zinazorudilia, mtajua yenu. Lakini njia iko moja: kazi isiyolipwa haifanywi, na kazi inayolipwa inafanywa.

Komisio inabadilisha maneno ya ajenti

Jambo hili si la franka tu. Komisio inaingia katika kinywa cha ajenti tangu siku ya kwanza.

Anayelipwa kwa kadi mpya peke yake ana haraka. Anaahidi: "Ukiwa na kadi hii, hospitali yote ni bure." Hasemi kwamba kuna sehemu mgonjwa atalipa mwenyewe. Hasemi kwamba kadi inangoja miezi fulani mbele ya kuanza kazi. Mwanachama anajua ukweli siku yuko na mgonjwa mgongoni, mbele ya dirisha la hospitali. Mtu huyo hatarudilia, na atawaeleza ndugu zake wote.

Anayejua kwamba mwaka kesho atarudi kwenye mlango ule ule anasema ukweli mapema, kwa sababu uongo wa leo utakata 1 500 yake ya kesho. Anapita katikati ya mwaka kusalimia. Akisikia mtu alikataliwa na sentre ya afya ingawa kadi yake ni nzuri, anapeleka neno kwa komite. Anakuwa sikio la mutuele katika kijiji.

Wakulima mnalijua hili. Ukiwalipa watu kwa kupanda tu na hakuna anayelipwa kwa kupalilia, utapata hekta nyingi za majani.

Wengine walifanya nini

Katika nchi yetu wenyewe, mutuele ya Bwamanda, kule kaskazini katika Ekwateri ya zamani, ilianza 1986. Watu wake walikuwa wakulima kama sisi, wa kahawa na soya. Mambo mawili ya Bwamanda yanatufaa. Mchango ulikusanywa mara moja kwa mwaka, wakati ambapo wakulima wana franka za mazao. Na familia yote iliandikishwa pamoja, si mgonjwa peke yake. Ajenti anayepita mwezi wa njaa anapoteza safari yake, hata komisio yake iwe nzuri namna gani.

Tanzania walikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, na 2018 wakaeneza nchi nzima namna yake mpya, CHF iliyoboreshwa. Nje ya Dar es Salaam, familia ya watu sita ililipa shilingi 30 000 kwa mwaka. Waandikishaji walikuwa watu wa kijiji wenye telefone ya kazi, na walilipwa sehemu ya mchango. Kadi ilikufa baada ya mwaka mmoja, kwa hiyo kazi yao ilikuwa mbili: kutafuta familia mpya na kufufua kadi zilizokwisha. Kazi ya pili ndiyo ilikuwa ngumu.

Kenya, katika bima ya mazao, mradi wa Kilimo Salama ulianza 2009. Haukutuma ajenti mgeni. Mwenye duka la mbegu na mbolea ndiye aliyeandikisha mkulima kwa telefone, na mvua ilipokosekana malipo yalipita kwa M-Pesa. Mwenye duka anamuona mkulima kila msimu, kwa hiyo kurudilia hakukuhitaji safari mpya. Nasi tuna wenye butiki na wauza mbegu wa koperative. Wafikirieni wakati mnapochagua ajenti.

Mfano wa mwisho unatoka mbali, lakini sheria yake ni wazi kuliko zote. Marekani kuna bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, inaitwa Medicare, tangu 1965. Haifuniki gharama zote, kwa hiyo wazee wengi wananunua bima ya kujazia kutoka kompanyi binafsi, na ajenti anapata komisio. Hapo zamani palikuwa na tamaa: ajenti anamuuzia mzee bima, mwaka unaofuata anamugeuza aingie nyingine, ili apate tena komisio kubwa ya mwaka wa kwanza. Mzee anazungushwa, ajenti anashiba. Wasimamizi wa bima waliweka mipaka mitatu. Komisio ya mwaka wa kwanza isipite mara mbili ya komisio ya mwaka wa pili. Komisio ya mwaka wa pili iendelee vile vile katika miaka inayofuata, isiyopungua miaka mitano ya kurudilia. Na ajenti akimutoa mtu katika bima moja na kumuingiza katika nyingine, alipwe kama ya kurudilia tu, labda bima mpya iwe bora kwa wazi kabisa.

Nchi ile ni tajiri, lakini tamaa ya mtu ni ile ile. Katika mfano wetu tuliweka 3 000 na 1 500: mara mbili kamili, haipiti.

Mitego ya komisio ya kurudilia

Njia hii si dawa ya kila kitu. Ina mitego yake.

Mtego wa kwanza: kadi ya zamani kuvaa nguo mpya. Ajenti anaacha kadi ya baba ife, halafu anaandikisha nyumba ile ile kwa jina la mama kama familia mpya, apate 3 000 badala ya 1 500. Dawa yake: nyumba yoyote iliyokuwa katika kitabu ndani ya miaka miwili iliyopita inahesabiwa kuwa ni ya kurudilia, hata jina likibadilika.

Mtego wa pili: kula bila kufanya kazi. Baada ya miaka michache ajenti ana familia nyingi, anakaa nyumbani, nao wanalipa wenyewe kwa koperative. Dawa yake: komisio ya kurudilia iende na kazi inayoonekana, kwa mfano matembezi mawili kwa mwaka yenye sini ya mwenye nyumba katika daftari.

Mtego wa tatu: ajenti kujilipa mwenyewe mkononi. Anapokea 20 000, anakata yake, analeta iliyobaki. Leo anakata 1 500, siku mtoto wake ni mgonjwa anakata 10 000. Mchango wote uingie kwanza kwa sanduku, pamoja na nakala ya resi, halafu komisio itoke mwisho wa mwezi, mbele ya watu wawili wa komite. Kule ambako mtandao uko, mwanachama anaweza kutuma moja kwa moja kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwa namba ya koperative. Isiwe namba ya ajenti.

Mtego wa nne: kumupa ajenti zawadi kwa sababu watu wake hawagonjwi. Msifanye hivyo hata siku moja. Atakimbia wazee, wamama wenye mimba na wenye magonjwa ya siku nyingi, na hao ndio mutuele iliundwa kwa ajili yao.

Mtego wa tano: ajenti akiondoka. Akihama kwenda Kamina au Lubumbashi, familia zake ni za nani? Mambo haya yasipoandikwa, ataondoka na kitabu, au ataendelea kudai franka akiwa mbali. Familia ni za koperative. Komisio inamfuata anayefanya kazi.

Vitu vya kuandika kabla ya kura

Mutuele za nchi yetu zina sheria yao, namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Mutuele si kompanyi ya asiransi. Kompanyi na ajenti wake wako chini ya sheria nyingine, namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, na msimamizi wao ni ARCA. Msichanganye. Mtu akija kijijini kuwauzia bima ya kompanyi, mumuombe kwanza ruhusa yake ya ARCA. Na koperative zenu nazo ziko chini ya sheria ya OHADA ya 2010: jambo la franka kama hili liandikwe katika kanuni za ndani na lipite mbele ya mkutano mkuu. Lisibaki katika kinywa cha prezidenti.

Kabla ya kupiga kura, komite ilete majibu ya maswali haya, yaandikwe:

1. Komisio ya kuandikisha ni ngapi, na ya kurudilia ni ngapi? Ya kwanza isipite mara mbili ya ya pili.

2. Ya kurudilia italipwa miaka mingapi bila kubadilika? Ajenti lazima ajue, la sivyo atakula yote mwaka wa kwanza.

3. Komisio zote pamoja zitakula sehemu gani ya michango? Katika mfano wetu ilikuwa 15 kwa 100 mwaka wa kwanza, halafu chini ya 9 kwa 100. Na gharama za karatasi na safari bado hazijahesabiwa.

4. Familia mpya ni ipi, na ya zamani ni ipi?

5. Mwezi wa kurudilia ni upi? Uchaguliwe kufuatana na mauzo ya mahindi na karanga, si kufuatana na kalenda ya ofisi.

6. Nani anashika kitabu cha familia, na nakala ya pili iko wapi?

7. Ajenti akiondoka, akigonjwa au akifa, nini kinafuata? Tunashauri miezi mitatu ya komisio kwa familia yake akifa kazini, halafu ajenti mpya anachukua.

Mwisho wa kila mwaka, msome mbele ya mkutano hesabu moja tu kabla ya zote: kati ya familia za mwaka jana, ngapi zimerudilia? Wengi wanapenda kupiga makofi kwa idadi ya kadi mpya. Kadi mpya zinafurahisha. Lakini ikiwa zilikuwa 100 na zimerudi 40, msiseme mutuele inakua. Mkae chini na ajenti, mumuulize ni nyumba ngapi alizipitia, na nini watu walimujibu.

Na ajenti naye asionekane kama mtu anayekula franka za wagonjwa. Kutembea na kinga kilometre 15 kwenye matope, kueleza neno lile lile katika nyumba kumi, kurudi tena kwa yule aliyekufukuza mwaka jana: hiyo ni kazi. Mumulipe kwa kazi hiyo, mwaka wa pili kama vile mwaka wa kwanza.

Koperative ambazo zimekwisha kuandika kanuni zao zinaweza kutupatia nakala kupitia animateur wa sekta. Tutazisoma pamoja nanyi, na tutaweka maswali mazuri katika namba inayofuata.